Waya wa Ardhi

Landrova ya Ngonyani ilikuja Keko juu ya kirikuu,
vipande vipande, safari tatu,
chesisi ikining'inia nyuma na kitambaa chekundu mkiani.
Bampa, braketi za springi, bawaba za milango,
ndoo ya bolti zilizoshikana na kutu kama wachumba.
"Nataka nyeusi," alisema, "nyeusi ya kung'aa,
mtu ajitazame akinyoa ndevu."
Nikamwambia, tuone kwanza chini kuna nini.

Chini kulikuwa na kijani. Chini ya kijani, buluu.
Chini ya buluu, rangi ya maziwa ya mgando
na herufi tatu za shirika ambalo hata yeye
hakumbuki kama lilinunua korosho au liliuza madeni.
Mchanga ukapiga, kompresa ikakohoa,
Tausi, mwanafunzi wangu, akatoka mavumbini
meno tu ndiyo yanaonekana.
Chuma kikabaki uchi, kijivu, kikiona haya.

Sasa usikiguse.
Hapa Dar chuma kitupu hakimalizi siku,
hewa ina chumvi, inakilamba,
na kidole chako kina mafuta ya mihogo uliyokula:
kesho nitakusoma hapo, wewe mzima, hadi kovu.

Braketi moja ilikuwa ya chuma cha kusubu.
Hiyo huokwa kabla ya rangi, iteme.
Nikaitia ovenini (kabati la mafaili la shule,
nimelivisha pamba ya kioo na koili sita)
ikaanza kutoka jasho jeusi.
Ngonyani akanusa. Akanyamaza.
"Masasi," akasema. "Mwaka wa mvua ile.
Baba alilala chini ya gari siku mbili
anatafuna mihogo mibichi."
Nikaipangusa. Ikatoka tena.
Mara tatu.

Kisha waya. Watu hudhani siri ni bunduki.
Poda ni unga mkavu tu, unaruka na chaji yake,
unatafuta pa kutua.
Ukisahau kubana klipu ya ardhi
unakipita chuma kama mdaiwa aliyekuona sokoni,
unamwagika sakafuni, na kilo si bei ya unga wa ugali.
Ukibana, unageuka hewani,
unazunguka hadi mgongoni mwa bomba, unakaa.
Tausi akabana. Nikapuliza.
Nyuma yake, ukutani, ile X nyekundu
iliyoletwa mwezi wa nne, hatuisemi.
Rangi ya brashi. Imechuruzika mguu mmoja.
Aliyeichora hakukwangua kitu.

Dakika ya kumi na moja, umeme ukakatika.
Si Luku, Luku ina uniti.
Mtaa mzima: kinyozi wa jirani akatoka nje
na mteja wa nusu kichwa.
Mkono wa Ngonyani tayari uko kwenye komeo.
Usifungue!
Unga umeyeyuka, haujawa ngozi.
Ukifungua sasa, vumbi la Keko lote litahamia humo.
Tukakaa. Tausi, kiganja karibu na mlango,
akihesabu kwa sauti joto la kubuni:
mia na arobaini. Mia na thelathini. Tisini.
Umeme uliporudi na shangwe za watoto
nilianza dakika upya, kutoka sifuri.
Chuma hakijali ulisubiri kiasi gani.

Jioni braketi ilitoka nyeusi kama alivyotaka.
Ngonyani akajitazama, akajigusa kidevu.
Pembeni, kitundu kimoja, ncha ya sindano:
Masasi ilipata njia.
"Niirudie?"
"Acha."

Na pale klipu ilipouma
palibaki kidoa cha chuma kitupu, saizi ya choroko.
Kila kipande hubaki nacho:
kilipoishika ardhi, ndipo rangi haikufika.
Nikakipaka kwa brashi ndogo, nyeusi ya kopo,
polepole, nisitetemeke,
mkono wa kushoto nimeuegemeza ukutani.